Je, wajua kwa nini mwezi wa 11 mtu anatembea na tisheti kando ya ziwa huko Chicago?

Binamu yetu anayeishi Chicago katuma video kwenye grupu la familia, anatembea kando ya Ziwa Michigan na tisheti na raba, jua linawaka, majani mekundu yamejaa njiani, na huo ni mwezi wa 11 ambao sisi huku Dar tunajua kwao ni makoti na kutetemeka tu. Shangazi akauliza, sasa hilo joto linatoka wapi, ni ziwa ndo linapasha hewa?

Swali zuri, ila jibu ni hapana, yaani mchana ule ziwa lingeachiwa lenyewe lingempoza. Mwezi wa 11 pale mchana kwa wastani ni kama nyuzi 10 hivi, siku ukisikia imefika 20 na zaidi ujue kuna hewa ya joto imesukumwa kutoka kusini, upande wa Ghuba ya Mexico, mara nyingi na mgandamizo mkubwa wa hewa jirani ambao unafukuza mawingu. Chicago iko magharibi ya ziwa, kwa hiyo upepo wa kusini-magharibi unafika ukiwa umepita nchi kavu tu, haujagusa maji. Ukigeuka ukaanza kutoka ziwani, tisheti hiyo ataijutia muda si mrefu.

Hii kitu wabongo tunaijua kwa miguu. Nenda Coco Beach saa nane mchana uvue ndala, mchanga unaunguza mpaka unaruka ruka kukimbilia majini, na maji yenyewe yamepoa vizuri tu, wakati jua lililopiga ni hilo hilo. Kilo moja ya maji inataka nishati karibu mara 5 ya kilo moja ya mchanga mkavu ili ipande nyuzi 1, ndo maana mchana nchi inapata moto haraka na upepo unavuma toka baharini, usiku nchi inapoa haraka na upepo unageuka.

Sasa ziwa lina kazi yake ila ni ya usiku. Michigan ina kina mpaka mita 281, na joto lililoingia kiangazi chote linatoka taratibu sana, kwa hiyo asubuhi pembeni ya maji, baridi ya kugandisha inachelewa kuja kuliko bara. Ng'ambo ya pili, jimbo la Michigan, wakulima wa tofaa, cheri na zabibu wamejipanga kando ya ziwa kwa sababu hiyo hiyo.

Na yale majani? Joto limemdanganya binamu, miti haidanganyiki kirahisi hivyo, maana miti mingi ya kule inasoma zaidi urefu wa mchana. Chicago mwezi wa 6 mchana ni kama masaa 15, mwezi wa 12 unabaki 9, tofauti na huku kwetu ambako mwaka mzima tunacheza karibu na 12. Mwanga ukipungua mti unaacha kutengeneza klorofili, kijani kinaondoka na njano iliyokuwa imejificha chini yake inaonekana. Wekundu ni habari nyingine, ule unatengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, ni rangi za jamii ya zile zinazofanya juisi ya rozela iwe nyekundu, na unakolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na ubaridi bila kuganda. Usiku ukibaki na joto wiki nzima wekundu unafifia, kwa hiyo video ya binamu ni nzuri lakini mwaka wenye usiku wa baridi ingekuwa nzuri zaidi. Kwetu ukitaka kuona jani likigeuka jekundu kabla ya kudondoka angalia mti wa mkungu, ila wenyewe unafuata zaidi ukame.

Mkienda kumtembelea kipindi hicho bebeni jaketi hata kama mchana ni nyuzi 22, kwa sababu pale siku nyingi za mwezi huo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na hewa ikiwa kavu bila mawingu joto linashuka kabla hamjarudi kwenye gari.