Je, wajua kwa nini matajiri wa Tabora walimchukia Mirambo?

Tabora ya leo inamheshimu Mirambo, mtemi wa Unyamwezi wa karne ya 19 aliyetawala magharibi ya mji huo. Kambi ya jeshi ina jina lake, Shule ya Sekondari Milambo ina jina lake, na hata Dar es Salaam amepewa mtaa katikati ya jiji. Mwaka 1871 mambo yalikuwa mengine. Katika tembe za wafanyabiashara wa Tabora na Kwihara, Waarabu na watu wa pwani waliokuja bara kutafuta pembe za ndovu, mtemi huyu aliitwa haramia, na baraza lao la vita liliazimia kummaliza. Chuki hiyo ilitoka wapi?

Majibu yanayotolewa mara nyingi ni matatu: kwamba alikuwa mkatili kupita kiasi, kwamba alipinga biashara ya utumwa, au kwamba ilikuwa vita ya Mwafrika dhidi ya Mwarabu. Yote matatu yana kipande cha ukweli, na yote matatu yanapotosha.

Tuanze na la utumwa, maana ndilo linalopendwa kuliko yote. Ni jibu linalotupa shujaa safi na adui mchafu. Wafanyabiashara wa Tabora walikuwa na watumwa, hilo halina ubishi. Mwezi Agosti 1871 kijana wao Saud bin Said alipoiteka ngome ya Ulyankulu, alitoka na pembe za ndovu na mamia ya mateka, na alipokuwa njiani kurudi na nyara hizo watu wa Mirambo wakamvizia na kumuua. Lakini Mirambo naye alichukua mateka katika vita vyake. Wengine aliwaingiza katika jeshi lake, wengine wakauzwa. Jeshi la rugaruga, vijana wapiganaji wasio na familia za kuwafunga nyumbani, liliishi kwa nyara, na binadamu walikuwa sehemu ya nyara. Hakuna vita aliyoipigana kwa lengo la kuwaachia watumwa huru. Kumvisha vazi hilo ni kumnyima sababu zake mwenyewe, ambazo zilikuwa nzito na za kisiasa.

Jibu la rangi na asili nalo halisimami muda mrefu. Kwanza, upande wa Waarabu ulijaa Wanyamwezi. Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, yaani utemi uliozunguka Tabora, alikuwa nao bega kwa bega, na Isike aliyemrithi katika miaka ya 1870 aliuendeleza uadui huo. Pili, Waarabu wenyewe hawakuwa kitu kimoja mbele ya Mirambo. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alijenga urafiki naye, akamtuma mwanawe Sefu kwake, na Sefu akapokewa kwa heshima. Tippu Tip hakuwa mgeni Unyanyembe: baba yake aliishi Ituru, karibu na Tabora, na alikuwa amemuoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe kabla ya Mkasiwa. Kama chuki ingefuata damu na undugu, huyu ndiye angekuwa wa kwanza kumchukia Mirambo. Tatu, Mirambo alitafuta maelewano na Sultani Barghash wa Unguja, na ugomvi wake aliuelekeza kwa watu wa Tabora.

Limebaki la ukatili. Hapa lazima tuangalie ni nani aliyetuandikia. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akakaa Kwihara kama mgeni wa wafanyabiashara, akala chakula chao, akasikia habari zao, na akatoka nao kwenda vitani. Kwa hiyo katika maandishi yake ya mwaka huo Mirambo ni jambazi wa kutisha. Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, Stanley huyo huyo alikutana na Mirambo uso kwa uso huko Serombo na wakachanjiana udugu. Safari hii alimwandika mtu mpole wa sauti, mkarimu na muungwana, asiyefanana kabisa na yule jambazi aliyekuwa kichwani mwake. Hata hivyo, Stanley wa 1876 naye alikuwa na sababu zake: alihitaji njia ipitike salama. Picha zote mbili zilichorwa na mtu mwenye haja.

Si kwamba Mirambo alikuwa mpole. Vijiji vilivyochomwa na rugaruga vilichomwa kweli. Lakini katika bara la Unyamwezi la miaka ile, Mirambo hakuwa peke yake. Nyungu ya Mawe, mtemi wa Ukimbu, alipigana kwa mtindo uleule, na wafanyabiashara wenyewe walichoma vijiji. Ukatili ambao kila mmoja anaufanya hauwezi kueleza kwa nini mtu mmoja achukiwe kuliko wote. Lazima alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho.

Kitu hicho ni mahali. Chukua ramani ya Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Tabora kwenda magharibi treni inapita Urambo, Kaliua, mto Malagarasi, Uvinza, hadi ziwani. Njia ya misafara kwenda Ujiji ilikwenda kwa mwelekeo huohuo, na himaya ya Mirambo ilikuwa imelala juu yake. Mtu hakuweza kutoka Tabora kwenda Ujiji kwa njia ya kawaida bila kumkuta Mirambo.

Kupita katika nchi ya mtemi kulikuwa na malipo yake, hongo, yaani ushuru wa njia. Hili halikuwa jambo geni. Kuanzia Ugogo hadi ziwani, kila msafara ulilipa: kitambaa cha merikani au kaniki, ushanga, waya wa shaba, wakati mwingine baruti. Wafanyabiashara walinung'unika na kulipa. Mwaka 1871, kwa mujibu wa habari alizopewa Stanley, Mirambo alisimamisha msafara uliokuwa ukielekea Ujiji akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Yalikuwa madai makubwa. Wakabishana siku nzima na zaidi, kisha wakalipa. Baada ya kupokea, akawaambia warudi walikotoka, hakuna msafara wa Mwarabu utakaopita tena katika nchi yake.

Kuna wasomaji wanaokomea kwenye mapipa ya baruti na kusema walichukia gharama. Mimi nadhani uzito wote uko kwenye sentensi ya mwisho. Gharama ya hongo, hata ikiwa kubwa, huweza kuingizwa kwenye hesabu. Njia iliyofungwa haihesabiki.

Ili kuelewa kwa nini, fikiria mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Amekopa fedha za mzigo, amejaza magunia, amekodi lori kwenda Dar es Salaam. Ushuru wa vizuizi vya njiani anaujua. Hata ukiongezeka ataongeza bei kidogo. Sasa lori lisimamishwe Tabora bila tarehe ya kuondoka. Utingo anataka hela ya kula leo na kesho. Mwenye lori anadai kila siku gari lilipolala. Aliyemkopesha hajali habari za njiani, anaangalia kalenda. Dagaa wanaendelea kupoteza thamani. Mchuuzi huyu haliwi na ushuru, analiwa na siku. Na kinachomtia wazimu zaidi ni kutojua kama ni siku mbili au miezi miwili, maana angejua angeamua kuuza hapohapo au kurudi.

Mfanyabiashara wa Tabora alikuwa katika hali hiyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Bidhaa zake hazikuwa zake. Nguo, ushanga na bunduki alizipata Unguja kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi, wengi wao wakiwa na uhusiano wa karibu na forodha ya Sultani, na alipaswa kulipa kwa pembe za ndovu. Safari ya Bagamoyo hadi Tabora pekee ilichukua karibu miezi mitatu. Kila mzigo, kilo 30 hivi, ulikuwa juu ya bega la mpagazi, na mpagazi ni mtu: anakula posho kila siku, atembee asitembee. Msafara wa wapagazi mia mbili ukikaa Tabora ukisubiri njia ifunguke ulikuwa unakula nguo zile zile zilizokusudiwa kununulia pembe. Wakati huo pembe zenyewe zilikuwa zikizidi kuhamia mbali, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Manyema na kuendelea, kwa sababu ndovu wa karibu walikuwa wamepungua. Tabora bila njia ya Ujiji ilikuwa ghala la madeni.

Njia ya mzunguko ilikuwepo. Stanley mwenyewe aliitumia: Septemba 1871 aliondoka Kwihara akashuka kusini kupitia Ukonongo, kisha akapanda kaskazini kuvuka Malagarasi, na akafika Ujiji mwezi Novemba, karibu miezi miwili njiani kwa mwendo ambao kwa njia iliyonyooka ungechukua wiki kadhaa tu. Na yeye alikuwa na fedha za gazeti la Marekani nyuma yake. Mwenye mkopo wa Unguja hakuwa na nafasi hiyo.

Ushahidi mzuri kuliko yote kwamba tatizo lilikuwa ni udhibiti, na halikuwa tabia ya mtu, uko miaka kumi nyuma. Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, utemi wa Unyanyembe ulikwenda kwa Mnywa Sele, na wafanyabiashara walimuunga mkono. Akaanza kutoza ushuru bidhaa zao. Wakamgeuka mara moja, wakamsaidia Mkasiwa kukalia kiti, na Mnywa Sele akaishia porini akipigana nao hadi alipouawa mwaka 1865. Mpelelezi Mwingereza Speke alimkuta mwaka 1861 akiwa katika hali hiyo ya mtemi asiye na nchi. Mnywa Sele hakuwa na rugaruga wa kutisha wala sifa ya ujambazi. Alikuwa mtemi halali aliyetaka sehemu yake katika biashara iliyopita kwake. Chuki iliyomfika ni ileile.

Mirambo aliiona hatima hiyo akiwa kijana mwenye utemi mdogo wa Uyowa. Wafanyabiashara walikuwa wameonyesha kwamba wanaweza kumng'oa mtemi na kuweka wanayemtaka, na Unyanyembe ilimtazama yeye kama mtu wa pembeni. Kufunga njia ilikuwa ndiyo silaha pekee iliyowaumiza watu wenye bunduki nyingi kuliko zake.

Na iliwaumiza. Tarehe 22 Agosti 1871 alifika hadi Tabora yenyewe, Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wao, akauawa, na sehemu ya mji ikachomwa moto. Barghash alituma askari kutoka pwani. Wakatumia fedha nyingi na hawakumshinda. Vita ilipotulia mwaka 1875 Mirambo alikuwa na nguvu kuliko alivyoanza. Mwishoni mwa muongo huo mkono wake ulifika Uvinza, kwenye chumvi na vivuko vya Malagarasi.

Waliomchukia kwa sababu za ukatili hasa walikuwa watu wengine, na sauti zao zimeandikwa kidogo: wanavijiji waliopitiwa na rugaruga na watemi aliowapindua. Katika madaftari ya wageni wanatajwa kama idadi ya nyumba zilizoungua. Wao ndio wenye haki kubwa zaidi ya kumlalamikia, na inanisikitisha kwamba tunajadili chuki ya matajiri kwa sababu tu matajiri walikuwa na wageni wenye kalamu.

Kwa Wazungu mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Kwa muda walimpenda. Daktari Ebenezer Southon wa misheni ya London alikaribishwa Urambo mwaka 1879, na John Kirk, konseli wa Uingereza Unguja, alimwona Mirambo kama mtu wa kushikamana naye bara. Juni 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa huko Mpimbwe katika shambulio la majeshi ya Mirambo na washirika wake. Mirambo alisema hakukusudia. Kirk akamgeuzia mgongo, na yale maneno ya zamani ya Tabora kuhusu haramia yakapata wasikilizaji wapya wenye uwezo mkubwa zaidi.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Ndugu yake Mpandashalo hakuweza kuishika himaya, na akauawa mwaka 1890. Mwaka huohuo Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani, alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora kwa mapatano na Waarabu wa mji. Isike, yule mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa adui wa Mirambo maisha yake yote, sasa ndiye aliyebaki akisimama juu ya njia, na safari hii lawama za kuvuruga misafara zikawa zake. Januari 1893 askari wa Tom von Prince, afisa wa Kijerumani, waliivamia ngome yake, naye akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa.