Hadithi Hazimpotezei Mtoto Muda

Kila muhula ukianza, wazazi wanaingia sehemu ya watoto hapa maktaba na agizo lile lile: "Dada, huyu mwaka huu ana mtihani. Hadithi usimpe, mpe vitabu vya masomo." Nimelijibu agizo hili mezani mara nyingi mno, na foleni ikiwa nyuma ya mzazi jibu haliishi. Basi leo nalijibu kwa kirefu.

"Hadithi ni burudani tu, haziongezi alama"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini ni wazazi wanaojinyima ili mtoto asome. Mtoto wa darasa la saba anatoka shule jioni, anapitia tuisheni, usiku anafumua maswali ya mitihani iliyopita. Siku ya siku anakutana na habari ya ufahamu, anaulizwa kwa nini mhusika alikasirika. Anapekua habari nzima akitafuta neno "alikasirika". Halimo. Anabahatisha.

Tazama sentensi kama hizi, za kiwango cha darasa la tatu: "Bibi alifunua sufuria. Akatazama ndani, kisha akautazama mdomo wa Juma unaong'aa mafuta." Hakuna palipoandikwa kwamba Juma amekula nyama, wala kwamba Bibi ameshamjua. Msomaji ndiye anayeunganisha sufuria na mdomo. Mtoto aliyezoea hadithi huunganisha papo hapo, tena akicheka. Kazi hiyo hiyo ndiyo anayodaiwa kwenye ufahamu, na hata kwenye hesabu za mafumbo, ambako wengi huanguka wakiwa wanajua kujumlisha na kutoa ila hawajaelewa kilichosimuliwa. Kitabu cha mazoezi kina faida yake, lakini aya zake ni fupi, na swali linamkatiza mtoto kabla hajazama.

Takwimu nazo zipo. Mwaka 2019 John Jerrim na Gemma Moss walichapisha uchambuzi wa matokeo ya PISA ya 2009, upimaji wa vijana wa miaka 15, kutoka nchi 35. Waliosoma hadithi mara kwa mara ndio waliokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kusoma; aina nyingine za maandishi hazikuonyesha uhusiano wenye nguvu kama huo. Ni kweli kwamba msomaji hodari naye huvutiwa na hadithi, kwa hiyo hatuwezi kusema hadithi peke yake ndiyo iliyoleta tofauti yote. Lakini anayedai kwamba hadithi zinashusha alama, ushahidi wake uko wapi?

Ushauri wangu haubadiliki: dakika 20 za hadithi kabla ya kulala, mtihani uwepo usiwepo. Kitabu achague mwenyewe. Na akimaliza, tafadhali msimgeuzie swali la "umejifunza nini?" Muulizeni "ikawaje?" halafu mkae msikilize. Mtoto anayeulizwa funzo kila jioni, baada ya muda mfupi anakichukia kitabu.

"Hadithi za Kiswahili zitamharibia Kiingereza"

Hapana. Kufuata kisa, kubashiri kinachokuja na kurudi nyuma ukipotea hujifunzwa kwa urahisi zaidi katika lugha unayoielewa, na ustadi huo unahamia lugha ya pili. Anayefika kidato cha kwanza hajawahi kumaliza kitabu kizima kwa lugha yoyote ana shida mbili kwa mpigo: Kiingereza chenyewe, na kusoma.

"Vitabu vya picha ni vya chekechea"

Mpe kijana wa miaka 12 kitabu kizuri cha wanyama chenye picha. Ataona kwamba duma ana michirizi miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni, na chui hana. Kwamba madoa ya duma ni ya duara yaliyojaa, na ya chui yamejikusanya kama maua. Maelezo ya maneno matupu yangechukua ukurasa mzima na bado angechanganya. Vitabu vya maarifa si lazima vianzwe ukurasa wa kwanza, na hilo wazazi wengi hawalijui. Mfundishe mtoto kutumia faharasa, ile orodha ya mada na kurasa zake mwishoni mwa kitabu, aende moja kwa moja kwenye anachokitaka.

"Kitabu ni kitabu, hata cha zamani"

Kwa hadithi, sawa. Kwa vitabu vya maarifa, fungua kwanza ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa. Bado tunaletewa maboksi ya msaada yenye vitabu vinavyohesabu sayari tisa, wakati Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006, na ramani za Afrika zisizo na Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011. Mtoto huamini kilichochapishwa. Anayetaka kusaidia, anunue vitabu vitatu vipya vya wachapishaji wetu wa hapa nyumbani badala ya kutuletea boksi zima la vilivyopitwa na wakati.

"Akianza kitabu lazima akimalize"

Nani kasema? Sisi watu wazima tunaviacha vingi njiani. Kurasa 20 zikimshinda, akirudishe achukue kingine. Haulizwi sababu.