Mvua Ikinyesha, Redio Hupunguza Mwendo kwa Makusudi

Wengi huamini kwamba intaneti ya minara ikizorota wakati wa mvua, basi mitambo imeharibika. Sivyo. Mara nyingi redio yenyewe, yaani kifaa cha mnarani kinachorusha na kupokea data kwa mawimbi, ndiyo imeamua kwenda polepole, na uamuzi huo ndio unaookoa mawasiliano.

Anga likiwa safi, redio mbili zinazotazamana huweza kutumia modulesheni (namna ya kupachika data kwenye mawimbi) ya 256-QAM, yenye alama 256 tofauti, ambapo kila alama inayorushwa hubeba biti 8, yaani sifuri na moja nane za data. Lakini alama hizo 256 zinafanana mno. Mawimbi yakififia kidogo tu, mpokeaji huanza kuzichanganya. Na mvua kubwa hufyonza na kutawanya mawimbi, hasa yale ya masafa yanayozidi gigahezi 10.

Kwa hiyo mpokeaji hupima ubora wa mawimbi bila kukoma na kumtaarifu mwenzake. Hushuka pamoja ngazi kwa ngazi, pengine hadi QPSK: modulesheni ya alama 4 tu, zinazotofautiana sana, biti 2 kila moja. Kasi hubaki takriban robo, ila mawasiliano kati ya redio hizo hayakatiki, isipokuwa dhoruba ikizidi kiasi. Mvua ikipungua, redio hupanda tena zenyewe, bila fundi kugusa kitu.