Chumvi ya kikaboni: hidrojeni iko upande gani?

Chumvi si ile ya sodiamu na klorini peke yake. Asidi ya benzoiki ikikutana na benzilamini, ambayo ni besi, asidi huachia protoni yake (kiini cha hidrojeni kisicho na elektroni) na besi huipokea. Moja hubaki na chaji hasi, nyingine hupata chaji chanya. Ioni hizo zikijipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote, hapo tuna fuwele ya chumvi ya kikaboni.

Chaji huvutana, lakini mvutano wake haubagui sana mwelekeo. Kinachoamua nani akae wapi, na ameelekea wapi, mara nyingi ni bondi ya hidrojeni: hidrojeni iliyoshikamana na nitrojeni huvutwa pia na oksijeni ya ioni jirani. Kutoka nitrojeni hadi oksijeni hiyo ni kama pikometa 270 hadi 300 (meta moja ina pikometa trilioni moja), na atomi hizo tatu hukaribia kuwa kwenye mstari mmoja. Katika maji, kuvunja bondi ya namna hii huhitaji kilojuli 20 hivi kwa moli, ilhali bondi yenyewe ya O–H huhitaji kama 460. Katika chumvi huwa imara zaidi, maana chaji huiongezea nguvu.

Benzilamini iliyopokea protoni ina hidrojeni tatu kwenye nitrojeni, zimeelekea pande tatu. Ioni moja ya benzoeti (asidi ya benzoiki iliyoachia protoni) haiwezi kuzitosheleza zote, kwa hiyo kila ioni hushika majirani kadhaa na mnyororo unaendelea.

Utata uko kwingine: je, protoni imehama kweli? Ikibaki kwa asidi, bondi ya hidrojeni ipo vilevile, ila hiyo si chumvi tena, ni fuwele-mseto (molekuli mbili zisizo na chaji zilizopangwa pamoja), na huenda ikayeyuka tofauti kabisa kwenye maji. Watengenezaji wa dawa hulijali sana hilo. Na safari yenyewe ya protoni haifiki pikometa 100!

Kuona atomi ndani ya fuwele, kwa kawaida hutumiwa eksirei. Hizo hutawanywa na elektroni, na hidrojeni inayo moja tu, kwa hiyo huonekana kwa shida. Mjanja hupima umbali kati ya kaboni na oksijeni. Asidi ikiwa bado na protoni yake, bondi moja ya C–O huwa na pikometa 121 hivi na nyingine 131. Ikishaiachia, zote mbili hukaribia 125. Nyutroni zikitumiwa badala ya eksirei huonyesha kiini chenyewe, ila zinataka fuwele kubwa zaidi.

Kabla ya kupima, watu hukisia kwa pKa, namba inayoonyesha protoni imeshikiliwa kwa nguvu kiasi gani: ikiwa ndogo, huachiwa kwa urahisi. Ya benzilamini iliyopokea protoni ni 9.3, ya asidi ya benzoiki 4.2, tofauti ikizidi 3, kwa kawaida ni chumvi. Kati ya 0 na 3 kanuni haiwezi kutabiri, na zipo fuwele, kama ya urea na asidi ya fosforiki, ambamo protoni husogea kuelekea katikati ya bondi kadiri joto linavyopanda.