Hatua zako zina umeme, ila si mwingi kama unavyodhani

Video ya kiatu kinachochaji simu ikishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, najua wiki hiyo nitapata wageni kwenye meza yangu ya ufundi hapa soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Wa mwisho alikuwa kijana wa kupakia dagaa. "Fundi, sisi wabebaji tukivaa hivyo wote, si tunawasha soko zima?"

Tulipiga hesabu nyuma ya boksi la chaja. Mtu wa kilo 60 akikanyaga soli inayobonyea nusu sentimita, anatoa nishati ya jouli 3 hivi. Yuniti moja ya umeme wa LUKU ni jouli 3,600,000. Maana yake hata kiatu kisipopoteza chochote, zinatakiwa hatua 1,200,000 kupata yuniti moja. Kwa hatua 10,000 kila siku, ni miezi minne. Mtwishe gunia la kilo 60, inabaki miwili, na mgongo wake nani ataulipa? Tena hapo tumekipendelea kiatu. Viatu vya majaribio vyenye fuwele za kutoa umeme ndani ya soli vimekuwa vikitoa miliwati chache tu, na miliwati ni sehemu moja ya elfu ya wati. Kwa miliwati 5, betri ya simu ya kitochi yenye wati-saa 3.7 inahitaji saa 740 za kutembea. Kijana alilitazama lile boksi muda mrefu, akaomba aondoke nalo.

Wengine wanaamini umeme huu ni wa bure kwa kuwa "unatembea tu hata hivyo". Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo anajua si kweli. Ile ya baba ilikuwa ya volti 6, wati 3. Ukiilaza kwenye tairi, pedali inakuwa nzito palepale. Kwenye mlima wa Bugando tuliizima tukapanda gizani. Wati hutoka kwenye ugali uliokula, na misuli hugeuza takribani robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Inayobaki ni joto na jasho. Wavuvi nao huniuliza kama kupiga kasia kunaweza kuwasha taa za dagaa. Kunaweza, lakini nguvu itakayokwenda kwenye taa mtumbwi hautaipata.

Kuna ujanja mmoja ninaouheshimu sana. Mwaka 2008 watafiti wa Canada walionyesha kifaa cha kufunga gotini ambacho hunasa nishati pale mguu unapomalizia kurushwa mbele, wakati misuli yenyewe inafunga breki. Ni kama dereva anayeshuka mlima kwa gia. Miguu miwili ilitoa wati 5 hivi, na kuuzalisha umeme huo kulimwongezea mvaaji kazi kidogo tu, ukiacha uzito wa kifaa chenyewe.

Na kwa wanaoniuliza kwa hofu: hapana, kifaa hakinyonyi umeme wa mishipa yako wala nguvu za kiume. Kinachonaswa ni mwendo.

Wala umeme wa kukanyaga fuwele si uvumbuzi wa juzi. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele, hata ya sukari ya miwa, zikikandamizwa hutoa chaji ya umeme. Kiberiti cha gesi cha kubonyeza, kile kinacholia "tak", kinatumia jambo hilohilo kutoa cheche.

Baada ya hesabu zote hizi mtu huniambia, "Basi ni upuuzi." Hapo ndipo ninapobisha kuliko popote. Saa za mkononi zinazojichaji kwa mtikisiko wa mkono zimeuzwa tangu miaka ya 1980. Kuna jambo kubwa zaidi: kifaa kinachopandikizwa kifuani kusaidia mapigo ya moyo hutumia mikrowati chache, yaani sehemu chache za milioni ya wati, na betri yake ikiisha baada ya miaka, mgonjwa hupasuliwa tena ili kibadilishwe. Mwaka 2019 watafiti wa China walichapisha jaribio walilofanya kwa nguruwe: moyo wenyewe, kwa kudunda kwake, ulizalisha umeme wa kukiendesha kifaa hicho.