Kilo 42.6 mara tatu: kerneli inapopewa anwani na programu

Simu iliingia saa nne asubuhi, mwezi wa kumi, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto. Aliyepiga ni karani wa kituo kimoja cha kupokelea kahawa huko juu Kibosho, na alikuwa na jambo moja tu: "Kaka, mashine yako inawapa watu kilo za jirani."

Nikachukua bodaboda kutoka Moshi mjini. Nilimkuta mama mmoja mtu mzima amekaa juu ya gunia lake, stakabadhi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu soma hapa. Kijana aliyenitangulia, kilo 42.6. Mimi, 42.6. Huyu mzee aliyenifuata, 42.6. Sisi watatu tumevuna kwa debe moja?"

Bahati nzuri magunia yalikuwa hayajaingizwa ghalani. Tukayapima upya kwa mizani ya zamani ya kuning'iniza. La kijana lilikuwa 42.6 kweli. La mama lilikuwa 51.9, la mzee 38.2. Kilo 9.3 za kahawa ya maganda zilikuwa zimempotea mama yule bila mashine kulia, bila taa nyekundu, bila neno lolote kwenye kumbukumbu za mfumo. Karani akaniambia kitu kingine nikakiandika pembeni: umeme ulikatika baada ya kijana kupima, ukarudi kabla ya zamu ya mama.

Kosa lilikuwa langu, kwenye mistari michache ya draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Nataka nieleze mistari hiyo, kwa sababu inagusa mahali ambapo kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi, kinachosimamia kumbukumbu na vifaa vyote), na kerneli nyingine yoyote, inaweza kudanganywa au kudanganya: pale data zinapovuka kutoka kwenye kumbukumbu ya kerneli kwenda ya programu, au kurudi.

Mashine ile ni mizani yenye kompyuta ndogo inayoendesha Linux. Draiva yangu, iliyo ndani ya kerneli, inasoma kihisi cha uzito na kutengeneza rekodi ya baiti 16: baiti 8 za muda, 4 za uzito kwa gramu, 4 za namba ya mfululizo. Programu aliyoandika mwenzangu inaita `read` (ombi la kusoma data), inaikabidhi kerneli anwani ya mahali inapotaka rekodi iwekwe, kisha inachapisha stakabadhi. Sehemu ya draiva iliyokuwa ikikabidhi rekodi ilikuwa hivi:

    ret = copy_to_user(buf, &rekodi, sizeof(rekodi));
    if (ret)
        return ret;
    return sizeof(rekodi);

Mtu aliyezoea lugha ya C akisoma haraka ataona imekaa sawa: kuna ukaguzi, kosa linarudishwa. Lakini `copy_to_user`, amri ya kerneli ya kunakili data kwenda kwa programu, hairudishi namba ya kosa. Inarudisha idadi ya baiti ambazo *haikuweza* kuzinakili. Mambo yakienda vizuri inarudisha 0, na draiva yangu inairudishia programu 16, yaani "nimekupa baiti 16". Ikishindwa kabisa inarudisha 16, kwa maana ya "baiti 16 zimebaki", na draiva yangu inairudishia programu hiyo hiyo 16. Kushinda na kushindwa vikawa na jibu moja.

Kwa nini kunakili kulishindwa? Programu ilikuwa inapokea rekodi moja kwa moja kwenye ukurasa (kipande cha kumbukumbu) wa faili la siku, ulioungwa na faili hilo kwa `mmap`. Umeme uliporudi, ilifungua faili hilo kwa kusoma tu ili ijumlishe kilo za asubuhi, na ikasahau kulifungua tena kwa kuandika. Ukurasa ukawa unasomeka lakini hauandikiki. Kerneli ikajaribu kuweka rekodi ya mama, ikazuiwa, draiva yangu ikasema "tayari", na programu ikasoma kilichokuwa pale tangu kabla ya umeme kukatika: kilo 42.6 za kijana. Kama programu ingeangalia namba ya mfululizo ingegundua. Hata hivyo simlaumu mwenzangu, kwa sababu kerneli ilimwambia kazi imefanyika.

Sahihisho ni neno moja: badala ya `return ret`, andika `return -EFAULT`, namba ya kosa la anwani isiyofaa. Kwa jibu hilo `read` ingeshindwa waziwazi, mashine ingesimama, na karani angerudi kwenye mizani ya kuning'iniza akinung'unika, lakini kilo za watu zingebaki zao.

Watu wapya kwenye kazi hii huniuliza kwa nini pawe na chombo maalumu cha kunakili. Kerneli inaona kumbukumbu yote, kwa nini isitumie `memcpy`, amri ya kawaida ya kunakili, tu?

Fikiria ghala la kahawa. Mtunza ghala ana funguo za vyumba vyote. Mkulima anakuja na kikaratasi: "Nimwagie kahawa yangu kwenye chumba namba 7." Mkulima mwenyewe hana ufunguo wa chumba namba 7, na huenda humo mna mali ya mwingine au makabati ya hesabu za chama. Mtunza ghala akifuata kikaratasi bila kuuliza, funguo zake ndizo zimefanya uharibifu ambao mkulima peke yake asingeweza. Anwani inayotoka kwenye programu ni kikaratasi cha namna hiyo. Programu inaweza kuandika namba yoyote humo, hata anwani iliyo ndani ya kerneli yenyewe.

Ndiyo maana jambo la kwanza linalofanywa ni kupima mipaka. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, kwa mpangilio wa kawaida wa ngazi nne za majedwali ya kurasa (orodha zinazoonyesha kila ukurasa uko wapi kwenye kumbukumbu), programu hupewa nusu ya chini, tebibaiti 128, na kerneli hukaa juu kabisa. Kipimo kinachoitwa `access_ok` huhakikisha kwamba anwani pamoja na urefu wake vyote vinabaki upande wa programu. Ni hesabu ndogo mno, na ikikosekana mfumo mzima unaanguka. Februari 2008 iligundulika kwamba mwito wa `vmsplice` haukuwa ukizikagua anwani ulizopewa, na mtumiaji wa kawaida aliweza kujigeuza msimamizi mkuu wa mashine. Kosa lilikuwa limekaa humo tangu toleo la 2.6.17. Miaka tisa baadaye, kwenye toleo la 4.13 la mwaka 2017, msimbo wa `waitid` ulipangwa upya ili uwe mwepesi, na katika kupanga huko kipimo kikadondoka. Programu ikaweza kuifanya kerneli iandike ndani yake yenyewe. Kilirudishwa Oktoba mwaka huo. Waliokosea ni watu wanaoijua kerneli kuliko mimi, na hilo linanifanya niuheshimu mstari huu kila ninapoukuta.

Lakini kipimo cha mipaka hakitoshi, na hapa ndipo panaponivutia zaidi. Anwani inaweza kuwa upande sahihi na bado pasiwe na kitu. Ukurasa huenda haujaletwa kutoka kwenye diski, au haupo kabisa, au upo ila hauandikiki kama ule wa Kibosho. Zamani kerneli ilipekua orodha ya maeneo ya kumbukumbu ya programu kabla ya kunakili, ikihakikisha eneo lote linaruhusiwa. Kazi hiyo ilikuwa nzito, na karibu kila mara jibu lilikuwa "sawa, endelea". Tena, kwenye programu yenye nyuzi kadhaa (kazi zinazokwenda sambamba ndani yake), ukurasa uliokaguliwa sasa hivi unaweza kuondolewa na uzi mwingine kabla kunakili hakujaanza.

Mwaka 1996, katika mfululizo wa 2.1, Linux ikageuza mambo: nakili kwanza, ukijikwaa ndipo ushughulike. Kila amri ya prosesa inayogusa kumbukumbu ya programu kwa niaba ya kerneli huandikwa kwenye jedwali maalumu, pamoja na anwani ya mahali pa kukimbilia. Ukurasa ukikosekana, prosesa huisimamisha amri na kuita kishughulikia hitilafu. Kama ukurasa unaweza kuletwa, unaletwa, na kunakili kunaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama hauwezekani, kishughulikia huuliza: amri hii iliyojikwaa imo kwenye jedwali? Ikiwemo, utekelezaji unarukia pale pa kukimbilia, baiti zilizobaki zinahesabiwa, na idadi hiyo ndiyo inayorudishwa. Isipokuwemo, kerneli inajua imejikwaa mahali isipopaswa kukanyaga, na inapiga kelele. Njia ya kawaida, ile inayopitwa mara milioni, hailipi chochote kwa ajili ya jedwali hilo.

Kwa hiyo ile 16 iliyoniponza ilitoka kwenye mtambo huu. Mtambo ulifanya kazi yake barabara na kunipa hesabu sahihi, nami nikaisoma vibaya.

Kwa kuwa kunakili kunaweza kusubiri diski, huruhusiwi kukufanya ukiwa umeshika kufuli la kuzunguka (spinlock, ambalo anayelingoja huzunguka bila kulala) au ukiwa ndani ya kishughulikia cha kukatizwa (msimbo unaoitwa kifaa kinapokatiza kazi ya prosesa). Kwenye draiva ya mizani nashika kufuli, nanakili rekodi kwenye kigeu cha ndani, naachia kufuli, ndipo naita `copy_to_user`.

Kosa lingine nililiona kwenye draiva aliyonitumia kijana mmoja wa Arusha niikague, ya kupokea vipimo vya kurekebisha mizani. Lilinichukua muda kuliona (`get_user` na `copy_from_user` zote husoma kutoka kwa programu):

    if (get_user(urefu, &u->urefu))
        return -EFAULT;
    if (urefu > sizeof(k.data))
        return -EINVAL;
    if (copy_from_user(&k, u, sizeof(k)))
        return -EFAULT;
    memcpy(jedwali, k.data, k.urefu);

Makosa yote yanarudishwa inavyotakiwa. Urefu umekaguliwa. Lakini uliokaguliwa ni `urefu`, na uliotumika mwishoni ni `k.urefu`, ambao ulisomwa mara ya pili kutoka kwa programu. Kati ya mstari wa kwanza na wa tano, uzi mwingine wa programu ile ile unaweza kubadilisha namba kutoka 64 kuwa 60000. Mkaguzi amepima gunia moja, ghalani limeingia jingine. Nilimwandikia: "Mdogo wangu, nakili mara moja tu, halafu kagua ile nakala uliyo nayo mkononi. Usirudi tena kwa programu kuuliza." Alibadilisha siku hiyo hiyo, akafuta mistari miwili ya kwanza na kuweka ukaguzi baada ya kunakili.

Upande wa kutoa data una hatari yake ya kimya. Toleo la kwanza la rekodi yangu lilikuwa na muda na uzito tu, jumla baiti 12. Kompaila ikaongeza baiti 4 tupu mwishoni ili muundo ukae vizuri kwenye mpaka wa 8. Baiti hizo hakuna aliyezijaza, kwa hiyo zilibeba chochote kilichoachwa kwenye rafu ya kerneli (stack, sehemu yake ya kumbukumbu ya muda), na mimi nikazinakili kwenda kwa programu kila uzito uliposomwa. Mabaki ya namna hiyo yanaweza kuwa kipande cha anwani ya ndani, na tangu mwaka 2014 kerneli imekuwa na uwezo wa kujipakia mahali pa kubahatisha ili anwani hizo zisijulikane. Sasa kila muundo unaotoka naujaza sufuri kwa `memset` kabla sijaweka thamani hata moja. Nafasi ile ya baiti 4 ndiyo nikaweka namba ya mfululizo.

Prosesa nazo zimeanza kusaidia. Intel waliweka kwenye prosesa zao za Broadwell kinga inayokataza kerneli kugusa kumbukumbu ya programu nje ya dirisha linalofunguliwa na kufungwa kwa makusudi, na ARM wana yao kuanzia ARMv8.1. Bodi za kompyuta kwenye mizani zetu zina prosesa ya Cortex-A53, ambayo ni ya ARMv8.0 na haina kinga hiyo, ila kerneli inaweza kuiigiza kwa kubadilisha jedwali la kurasa kila inapovuka. Nimeiwasha. Pia naendesha `sparse`, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2003, kinachosoma alama ya `__user` kwenye vielekezi na kulalamika ukichanganya anwani ya programu na ya kerneli. Kosa langu la `return ret` kisingelikamata, maana aina zote zilikuwa sahihi.

Lililobaki lilikuwa kulikamata kwa jaribio. Usiku ule ule niliporudi Moshi niliandika programu fupi inayofanya mambo manne. Inaomba ukurasa mmoja, inaujaza rekodi bandia yenye gramu 42600, inaugeuza uwe wa kusomeka tu, kisha inaita `read` juu yake na kudai ipate EFAULT. Inaweka bafa baiti 8 kabla ya mwisho wa ukurasa, huku ukurasa unaofuata ukiwa haupo, ili nusu ya rekodi ikwame njiani; hapo nako inadai EFAULT. Inatoa anwani ya sufuri. Mwisho inatoa anwani iliyo ndani ya kerneli.

Draiva ya siku ile ilianguka kwenye majaribio matatu ya kwanza: kwa ukurasa wa kusoma tu ilijibu 16, rekodi bandia ikiwa haijaguswa, pale ukingoni ilirudisha idadi ya baiti zilizokwama kana kwamba ndizo ilizozitoa, na kwa anwani ya sufuri ikajibu 16 tena. Sasa jaribio hili linaendeshwa mezani kwa kila bodi kabla haijafungwa kwenye mizani, na bodi isiyopita yote manne haipandi Kibosho.