Gavana wa Kuteuliwa Anayekubalika kwa Wengi na kwa Wachache

Gavana wa aina hii ni afisa anayewekwa na serikali kuu katika eneo fulani, kwa sharti kwamba jamii iliyo kubwa nchini na jamii ndogo inayoishi katika eneo hilo zote ziwe zimeliridhia jina lake kabla hajashika kazi. Msomaji wa Nairobi asimlinganishe na gavana wa kaunti, ambaye tangu 2013 huchaguliwa kwa kura. Anayemkaribia zaidi ni kamishna wa kaunti, au mkuu wa mkoa wa zamani, ambaye Rais alimteua na wakazi wakapata habari tu kwamba ameshawasili. Tofauti kubwa ni kwamba katika mpango huu wakazi wana sauti katika uteuzi, nayo imeandikwa katika sheria.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni visiwa vya Åland, ambavyo ni sehemu ya Ufini ingawa wakazi wake, wapatao 30,000, wengi wao huzungumza Kiswidi. Ufini ilipojitangazia uhuru mwaka 1917, wenyeji wa visiwa walitaka kuungana na Uswidi. Mzozo huo ulifikishwa mbele ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, nalo mnamo Juni 1921 likaamua kwamba visiwa vibaki Ufini, ila wenyeji wahakikishiwe lugha yao, ardhi yao na haki ya kujiendeshea mambo yao ya ndani. Miongoni mwa dhamana hizo ni namna ya kumpata gavana. Rais wa Ufini humteua baada ya kuafikiana na spika wa bunge la visiwa. Wasipoafikiana, bunge hilo humpelekea Rais majina matano ya watu wenye sifa zinazohitajika, naye hana budi kuchagua mmoja wao.

Kifungu hicho cha majina matano, kwa maoni yangu, ndicho kinachoibeba dhana yote. Rais hawezi kuwashurutisha wenyeji wampokee mtu wake, kwa kuwa anajua kwamba akishupaa, orodha itatoka kwao. Wenyeji nao hawawezi kukwamisha uteuzi mwaka nenda mwaka rudi, kwa kuwa uamuzi wa mwisho unabaki kwa Rais, ambaye huenda akamchukua yule ambaye wao wenyewe walimweka wa tano. Kila upande una jambo la kupoteza, na ndiyo maana kuelewana mapema kunawafaa wote wawili. Anayekubalika, basi, si lazima awe kipenzi cha yeyote. Yatosha kwamba hakuna upande unaomwona kuwa ameletwa kuukandamiza.

Pasipo kifungu cha namna hiyo, mambo hukwama. Mkataba wa amani na Italia wa mwaka 1947 uliunda Eneo Huru la Trieste, mpakani mwa Italia na Yugoslavia, lililokaliwa na Waitalia pamoja na Waslovenia na Wakroatia, ukaagiza kwamba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa limteue gavana baada ya kushauriana na Italia na Yugoslavia, na kwamba asiwe raia wa nchi yoyote kati ya hizo wala wa eneo lenyewe. Masharti yalikuwa ya haki, lakini haikuandikwa njia ya kulipata jina iwapo wahusika wasingeelewana, na halikupatikana. Majeshi ya Uingereza na Marekani yaliendelea kusimamia upande mmoja na ya Yugoslavia upande wa pili, hadi mwaka 1954 Italia na Yugoslavia zilipogawana eneo hilo.